Sauti ilipoingia, Woody Van Dyke alikuwa njiani kuja Mombasa

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga anayesomea utengenezaji wa filamu: "Shikamoo mwalimu. Darasani tunaambiwa kwamba sauti ilipoingia kwenye sinema, waongozaji wengi wa filamu bubu waliishia hapo kwa sababu walizoea picha tu. Ni kweli? Naomba unieleze kazi ya mmoja aliyevuka, na nini kilimvusha. Halafu marehemu babu alikuwa akisema kuna Wamarekani waliokuja kupiga sinema huku kwetu zama za Mwingereza, sauti ndiyo kwanza inaanza. Kuna ukweli hapo?"

Marahaba, mwanangu. Maswali yako mawili yanakutana kwa mtu mmoja. Jina lake ni Woodbridge Strong Van Dyke, ambaye studioni walimwita Woody tu. Aliongoza filamu zake za kwanza mwaka 1917, zikiwa bubu, na ya mwisho mwaka 1942. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1929, alishuka melini Mombasa na kundi la waigizaji na mafundi kutoka Hollywood. Babu yako hakukosea.

Tuanze na hilo la darasani, maana limerudiwa mno hata watu hawalichunguzi tena. Sauti iliwaangusha waigizaji wengi, hasa wale ambao Kiingereza chao au namna yao ya kutamka haikulingana na sura iliyokwisha kupendwa. Kwa waongozaji mambo yalikuwa tofauti. King Vidor alivuka. Ernst Lubitsch alivuka. Dorothy Arzner, John Ford, William Wellman wa Marekani, Alfred Hitchcock wa Uingereza, Fritz Lang wa Ujerumani, wote walivuka, na baadhi yao walifanya kazi zao bora baada ya kuvuka. Waliokwama kila mmoja alikuwa na lake. Erich von Stroheim alikuwa amegombana na watayarishaji kuhusu gharama na urefu wa filamu zake tangu enzi za ububu. D. W. Griffith, aliyewafundisha karibu wote, aliongoza filamu yake ya mwisho mwaka 1931, lakini mvuto wake kwa watazamaji ulikuwa umekwisha kupungua miaka kadhaa kabla ya hapo. Ukisema "sauti iliwamaliza" umefunga mlango kabla hujachungulia ndani.

Hata hivyo, walimu wako wana haki kwa sehemu moja. Sauti ilimnyang'anya mwongozaji zana yake kuu, nayo ilikuwa mdomo wake mwenyewe. Kwenye sinema bubu mwongozaji alisimama kando ya kamera akiongea mwanzo hadi mwisho: geuka, mwangalie, sasa umesikia hodi, ogopa, ogopa zaidi. Mara nyingi palikuwa na mpiga fidla pembeni wa kuwatia waigizaji hisia. Baada ya sinema yenye sauti ya mwimbaji Al Jolson, ya Oktoba 1927, kuwafanya watu wajae kumbini, yote hayo yalinyamazishwa. Kamera zilikuwa zinanguruma, zikafungiwa pamoja na mpigapicha wake kwenye kibanda kisichopitisha sauti, kidogo kama kabati, naye akatoka humo jasho linamtiririka. Maikrofoni ilifichwa kwenye chombo cha maua, na mwigizaji akilipa ua mgongo, maneno yake yanapotea. Taa za kaboni zilikuwa na mlio, zikabadilishwa. Studio zikaleta watu wa jukwaani kutoka New York ili wasimamie matamshi. Kwa miaka miwili mitatu filamu nyingi zikawa watu waliokaa wakizungumza, na kamera imeganda kama mgeni aliyeogopa kusimama.

Sasa kumbuka picha hiyo, halafu tumtazame Woody.

Alizaliwa San Diego, California, Machi 1889. Baba yake alikuwa hakimu, akafa wakati huohuo mtoto anazaliwa, na mama akarudi kwenye kazi aliyoijua, ya uigizaji wa jukwaani. Mtoto alikulia kwenye vikundi vya maonyesho vinavyohama mji kwa mji, akipanda jukwaani tangu mdogo. Alipokuwa kijana alifanya kazi za mikono za kila aina, pamoja na kukata magogo na kuchimba dhahabu. Mwaka 1916 alikuwa mmoja wa wasaidizi wengi wa Griffith kwenye *Intolerance*, filamu ile kubwa yenye ukuta wa Babeli, kisha mwaka 1917 studio ya Essanay ya Chicago ikampa kuongoza.

Hapo ndipo watu wengi wanaosimulia maisha yake hupita mbio, na mimi naona ndipo penye ufunguo. Miaka kumi iliyofuata hakutengeneza chochote ambacho wahakiki walikijali. Alitengeneza filamu fupi za ng'ombe na farasi, na filamu za mfululizo, zile zilizoonyeshwa sehemu moja kila wiki na kumwacha mtazamaji roho juu hadi wiki ijayo. Mwaka 1920, kwa mfano, aliongoza mfululizo wa sehemu 15 ambao nyota wake alikuwa Jack Dempsey, bingwa wa ndondi wa dunia aliyeutwaa ubingwa mwaka uliotangulia. Dempsey hakuwa mwigizaji. Fedha zilikuwa chache na tarehe haikusogea. Mwongozaji wa kazi ya namna hiyo hana nafasi ya kupiga tukio moja kutoka pembe nane ili mhariri achague baadaye. Inabidi ajue asubuhi, kabla kamera haijafunguliwa, kwamba picha ya mkono unaoshika kitasa itafuatwa na picha ya uso wa mtu aliye ndani, na kwamba baina yao hahitaji kitu kingine. Yaani ahariri kichwani. Van Dyke alifanya hivyo mara nyingi hadi ikawa tabia, na tabia hiyo ndiyo iliyomvusha. Naomba uishike, maana nitairudia.

Mwaka 1926 aliajiriwa na MGM, studio yenye fedha, kuongoza filamu za magharibi, yaani za wachunga ng'ombe wa Marekani, za mwigizaji Tim McCoy, nyingi zikipigwa nje kabisa, mbali na Hollywood. Akajijengea jina la mtu wa lokesheni: mpeleke popote, atarudi na filamu, na atarudi ndani ya siku alizoahidi. Ndiyo maana studio ilipompeleka Robert Flaherty Tahiti kwa ajili ya filamu ya visiwa vya Pasifiki, ilimtuma na Van Dyke pia. Flaherty alikuwa msanii wa subira, mtu wa kungoja mwanga na kungoja watu wamzoee. Studio haikuwa na subira hiyo. Flaherty akaondoka, Van Dyke akaimaliza. Ilizinduliwa New York mwishoni mwa Julai 1928 ikiwa imeongezewa muziki na milio baadaye, na ndiyo filamu ya kwanza ya MGM iliyotoka na sauti. Ule mngurumo wa simba wa MGM unaoujua ulisikika kwa mara ya kwanza hapo. Mpigapicha wake, Clyde De Vinna, akapata Oscar.

Baada ya mafanikio hayo, Irving Thalberg, aliyekuwa akisimamia uzalishaji wa MGM, aliamua kumtuma Van Dyke mbali zaidi. Kulikuwa na kitabu kilichotoka mwaka 1927 na kuuzwa sana, kumbukumbu za mfanyabiashara mzee wa Kiingereza aitwaye Alfred Aloysius Horn, aliyeishi Gabon. Studio ikanunua haki zake. Kitabu kinazungumzia mito ya Afrika ya Magharibi na Kati, lakini wao wakaamua kuipiga huku, kwa kuwa huku ndiko kulikokuwa na reli kutoka bandarini, wawindaji wa kukodi, na wanyama wengi wazi machoni. Hivyo hadithi ya Gabon ikapigwa Kenya, Uganda, Tanganyika, Sudan na Kongo ya Mbelgiji, na nchi hizo zimetajwa mwanzoni mwa filamu yenyewe, *Trader Horn*. Nilipoitazama mara ya kwanza nilisimamisha hapo nikasoma tena, kwa sababu sikutarajia kukuta majina ya kwetu kwenye filamu ya mwaka 1931.

Tafakari hali yao. Waliondoka Marekani mwanzoni mwa 1929, mwaka ambao Hollywood yenyewe ilikuwa haijui bado namna ya kurekodi mazungumzo ndani ya chumba tulivu. Wao wakaenda kuyarekodi kando ya Mto Naili, kwenye maporomoko ya Murchison, Uganda, mahali ambapo maji peke yake yanatosha kumeza sauti ya mtu anayepiga kelele. Mashine za sauti za wakati ule zilikuwa nzito, zikihitaji magari na umeme wake. Joto na unyevu vilitishia filamu ambayo haijasafishwa. Malaria iliwapiga wengi, Van Dyke mwenyewe akiwemo. De Vinna, ambaye mbali na kamera alikuwa fundi wa redio kwa mapenzi yake, alibeba mtambo mdogo na kuutumia kuwasiliana na nje. Walikaa miezi kadhaa namna hiyo, hadi mwisho wa mwaka.

Waliporudi California, Thalberg alipokea milima ya picha nzuri ajabu za wanyama na maji, na sauti isiyofaa. Mazungumzo mengi yalirudiwa kwenye kiwanja cha studio huko Culver City. Baadhi ya mapambano ya wanyama yalipigwa Tecate, Mexico, ambako sheria ya Marekani ya kulinda wanyama haikufika. Studio ilificha jambo hilo kwa bidii kubwa, kwani tangazo lake lote lilisimama juu ya neno "kweli". Harry Carey, nyota wa filamu bubu ambaye jina lake lilikuwa limeanza kufifia, alifufuka kwa sinema hii. Mwenzake Edwina Booth, binti aliyechezeshwa kama "mungu mke mweupe", alirudi mgonjwa, akaishtaki studio akidai zaidi ya dola milioni 1, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Hakucheza filamu nyingi tena.

Kisha kuna Mutia Omoolu. Alicheza Rencharo, mbeba bunduki wa Horn, na ndiye moyo wa filamu ile, japo mswada haukumpa nafasi ya kuwa hivyo. Jina Mutia Mkenya yeyote atakwambia linasikika Kikamba. Yeye na mwenzake walipelekwa Hollywood kwa ajili ya kurudia matukio, na ukitazama kwa makini utaona anachofanya: anasikiliza. Kwenye filamu iliyojaa watu wanaotangaza maneno yao kwa maikrofoni, yeye anamtazama Carey kama mtu anayefikiri. Maneno ya Kiswahili yanasikika mle, na yanasikika kama amri, kwa sababu ndivyo lugha yetu ilivyotumika kwenye misafara ya wageni wakati ule. Sitakuficha: filamu inawachora Waafrika kama washenzi wa kutisha wanaomwabudu msichana mweupe, na inaniuma kila nikiitazama. Ninakuambia uitazame hata hivyo, kwa sababu sura za watu, mito na makundi ya wanyama ya mwaka 1929 yamo mle, na kwa sababu ni kielelezo safi cha tatizo ulilouliza. Angalia nusu ya kwanza. Horn anatembea na kijana wake, mnyama mmoja baada ya mwingine anapita, na Horn anamtaja jina na tabia. Hiyo ni filamu bubu iliyopakwa maneno juu. Mwongozaji alikuwa bado hajapata namna ya kuzifanya picha na maneno zihitajiane.

Ilizinduliwa Januari 1931, ikateuliwa kugombea Oscar ya filamu bora, na ingawa ilikuwa imegharimu zaidi ya dola milioni 1, ilirudisha fedha. Picha zake za wanyama zilizobaki zikaingizwa kwenye filamu ya Tarzan aliyoiongoza Van Dyke mwaka 1932, na muogeleaji wa Olimpiki Johnny Weissmuller. Hakukuwa na haja ya kusafiri tena: walitumia picha za huku, na pale walipohitaji tembo wakatumia wa Asia, wakawabandika masikio makubwa. Watoto wa dunia nzima walijifunza Afrika kwa njia hiyo. Nasema hayo kwa uchungu, lakini turudi kwenye kazi.

Mwaka 1933 alitoa filamu nyingine ya lokesheni, iliyopigwa Teller, Alaska, miongoni mwa Wainupiati, wenyeji wa huko, na nyota wake Ray Mala. Hapa utaona mtu aliyejifunza kitu Afrika. Wahusika wanazungumza Kiinupiati chao, sauti yao inasikika, na tafsiri inakuja kwa maandishi yanayokatiza picha, kama enzi za filamu bubu. Alichukua zana ya zamani akaipa kazi mpya badala ya kuwalazimisha watu wa pale waongee Kiingereza cha kuigiza. Mwenyewe alicheza humo kama inspekta wa polisi. Mhariri wa filamu hiyo, Conrad Nervig, ndiye wa kwanza kupata Oscar ya uhariri ilipoanzishwa. Kwangu mimi hilo lina maana: mwongozaji anayehariri kichwani humpa mhariri vipande vinavyotaka kuungana.

Sasa tufike kwenye kazi iliyomfanya akumbukwe. Mwaka 1934 aliongoza filamu ya majambazi ya Clark Gable, William Powell na Myrna Loy, ileile ambayo jambazi John Dillinger alikuwa ametoka kuitazama Chicago Julai 22 alipopigwa risasi na kufa. Wakati wa kuipiga, Van Dyke aliona namna Powell na Loy wanavyojibizana hata kamera isipokuwa kazini, kama watu waliooana miaka mingi na bado wanachekeshana. Akaomba studio impe wawili hao kwa hadithi ya upelelezi, *The Thin Man*. Wakubwa wa studio hawakuvutiwa, akasisitiza. Aliipiga kwa chini ya wiki tatu, mwaka huohuo.

Kuna tukio moja nataka ulitazame mara kumi. Powell anaonekana kwa mara ya kwanza, yuko baa, anawafundisha wahudumu namna ya kutikisa vinywaji kwa kufuata mdundo wa dansi. Van Dyke alimwambia apite tu, mafundi wapime taa na sauti. Powell akacheza kwa raha zake, akitunga vijambo vya papo hapo, na alipomaliza akasikia mwongozaji akisema basi, imekwisha, twende tukio jingine. Kamera ilikuwa ikizunguka muda wote.

Ndiyo maana walimwita Woody wa Piga-Mara-Moja. Wengine walilitamka jina hilo kwa dharau, kana kwamba alikuwa mvivu au mtumwa wa bajeti, na ni kweli wakubwa wa studio walimpenda kwa kuwa aliwaokolea fedha. Lakini fikiria alichokielewa. Kwenye sinema bubu angeweza kumtia mwigizaji hisia kwa kumsemesha. Sauti ilipomfunga mdomo, alitafuta njia nyingine ya kupata uso ambao haujajiandaa: akamchukua mwigizaji kabla hajaanza kujisikiliza. Maneno yakiwa mapya mdomoni, mtu huyatafuta, na kutafuta huko huonekana machoni. Ukirudia mara ishirini, yanatoka safi na yamekufa. Kufikia 1934 kamera zilikuwa zimetulizwa ngurumo zao na maikrofoni ikining'inia kwenye mti mrefu juu ya vichwa, kwa hiyo waigizaji waliweza tena kutembea, kukatizana maneno, kunong'ona. Yeye alikuwa tayari. Kasi ya mfululizo wa wiki, iliyokuwa kwenye miguu ya farasi mwaka 1920, sasa ilikuwa kwenye ndimi za mume na mke. Aliteuliwa kugombea Oscar ya uongozaji, na akaongoza hadithi tatu zaidi za wawili hao.

Yaliyofuata nitayasema kwa haraka. Filamu za nyimbo za Jeanette MacDonald na Nelson Eddy zilileta watu wengi, na mimi sizipendi sana. Mwaka 1936 alifanya hadithi ya tetemeko la San Francisco la 1906, akateuliwa tena. Itafute kwa sababu ya dakika za tetemeko: kuta, sanamu, nyuso, vipande vifupi vifupi bila maneno ya maana, sinema bubu kabisa imerudi ndani ya filamu ya nyimbo, na sauti sasa ni tofali na kioo. Inasimuliwa kwamba Griffith, mwalimu wake wa zamani asiye na kazi, alifika kwenye seti hiyo na Van Dyke akampa kuongoza kipande. Lisilo na shaka ni kwamba aliwapa vijisehemu vidogo waigizaji wengi wa filamu bubu waliosahauliwa, wapate ujira wa siku. Mwaka 1938 studio ilimwondoa Sidney Franklin kwenye filamu kubwa ya malkia Marie Antoinette, kazi aliyoiandaa kwa miaka, ikamweka Van Dyke ili iishe haraka. Hapo kasi yake ilimsaliti. Filamu ina mavazi ya ajabu, na inapita juu ya huzuni ya malkia kama mtu anayechelewa treni. Alifariki Februari 1943, akiwa na miaka 53, baada ya kuugua.

Kwa hiyo ukiulizwa darasani nini kilimvusha, sema ni ule mfululizo wa Dempsey na wenzake, filamu ambazo hakuna aliyezihifadhi kwa heshima. Chukua zoezi hili ukishamaliza kusoma: andika tukio la watu wawili mlangoni, uruhusu picha tano tu, amua mpangilio wake kabla hujagusa kamera, kisha piga kila moja mara moja. Usiongeze ya sita hata ukisikia wasiwasi. Halafu rudia tukio hilohilo bila maneno, uone ni picha ipi kati ya tano ilikuwa inaegemea mazungumzo.

Na kuhusu babu: kwenye *Trader Horn* wapagazi, wapishi, madereva na mamia ya watu waliosimama mbele ya kamera hawakuandikwa majina. Uliza kwenu. Kama alimtaja mtu yeyote aliyefuata msafara ule, jina lake, kijiji chake, alibeba nini, liandike na uniletee.